Springi ya Gesi: Jina Lake, Utendakazi Wake na Matumizi Yake Viwandani

Utangulizi

Hoja kwamba Kiswahili hakijamudu kueleza sayansi na teknolojia imesikika mara nyingi katika mijadala ya wanalugha, na aghalabu hujibiwa kwa orodha ya istilahi. Huonyeshwa kuwa kuna neno la hiki na neno la kile, kisha mjadala ukafungwa. Lakini orodha ya istilahi si ufafanuzi. Lugha hupimwa inapotakiwa kulieleza jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa namna ambayo msikilizaji asiyejua ataondoka akijua. Makala haya yanakichukua kifaa kimoja kidogo, springi ya gesi, na kukieleza: ni nini, hufanyaje kazi, na viwanda hukitumiaje.

Kifaa chenyewe kiko karibu na kila msomaji. Mhadhiri anayekaa kwenye kiti cha ofisi kinachopanda na kushuka amekaa juu ya springi ya gesi. Mlango wa nyuma wa gari dogo, ule unaofunguka kwenda juu na kusimama hewani bila kushikwa na mtu, umeshikiliwa na springi mbili za gesi, moja kila upande. Zikichoka, mlango huanza kushuka wenyewe juu ya kisogo cha anayepakia mizigo, na ndipo dereva hutafuta kipande cha mti cha kuutegemeza. Wengi hukijua kifaa hiki kwa siku hiyo tu kilipoacha kufanya kazi.

Suala la jina

Neno la Kiingereza ambalo jina la kifaa hiki limetokana nalo lina maana kadhaa zisizohusiana. Mfasiri anayelitafuta katika kamusi bila kuujali muktadha anaweza kuibuka na "chemchemi ya gesi", jina linalomfanya msomaji afikirie ardhi inayofoka mvuke, kama ilivyo kando ya Ziwa Bogoria. Kosa hili si la kubuni. Ni la aina ile inayojitokeza kila mara tafsiri inapofanywa neno kwa neno, na tafsiri za kompyuta zimelizidisha.

Kiswahili kina neno kamani, ambalo kamusi hulieleza kuwa utepe wa chuma unaokazwa ili kuiendesha saa. Linahusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, na uhusiano huo una mantiki yake, kwani upinde ni springi: huvutwa, huweka nishati, kisha huirudisha kwa ghafla. Mtu angeweza kutetea "kamani ya gesi" kwa hoja za ufasaha. Hata hivyo, fundi wa magari, fundi wa vitanda na muuza vipuri wote husema springi, na kamusi zimelikubali neno hilo. Istilahi isiyo na watumiaji hubaki kitabuni. Kwa sababu hiyo, springi ndilo neno linalotumiwa katika makala haya.

Kuna mchanganyiko mwingine, nao ni mzito zaidi kuliko huo wa tafsiri. Watu wengi hukiita kifaa hiki kwa jina la kile kinachofungwa penye magurudumu ya gari, yaani shokomzoba kama kamusi zinavyoliandika, au shokapu kama mafundi wengi wa Tanzania wasemavyo. Kwa umbo, viwili hivyo hufanana: kila kimoja ni silinda yenye ufito unaoingia na kutoka. Kwa kazi, havifanani. Shokomzoba hupunguza mtikisiko. Hupokea nishati ya gari linalorukaruka na kuigeuza kuwa joto. Kazi ya kulibeba gari lenyewe hufanywa na springi iliyo kando yake. Springi ya gesi, kwa upande wake, husukuma. Huipokea nishati mlango unapofungwa, huihifadhi usiku kucha au mwaka mzima, kisha huirudisha mlango unapofunguliwa. Anayeviita viwili hivi kwa jina moja anaweza kuamini kwamba springi ya gesi iliyolala juu ya meza ya kazi ni chuma kisicho na uhai. Jinsi imani hiyo inavyoweza kumdhuru kutaonekana baadaye.

Kinachosukuma ni nini?

Springi ya gesi ni silinda nyembamba ya chuma iliyozibwa pande zote. Ndani yake mna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa, pamoja na mafuta kidogo. Upande mmoja wa silinda una tundu, na katika tundu hilo hupita ufito wa chuma uliosuguliwa ukang'aa. Mpira wa kuzibia huukumbatia ufito huo ili gesi isitoroke. Ncha ya ufito iliyo ndani ya silinda imefungwa pistoni, nayo pistoni ina kitundu chembamba kinachoipenya kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Anayekiona kifaa hiki kwa mara ya kwanza hudhani kwamba hufanya kazi kama bomba la sindano: gesi iko nyuma ya pistoni, huisukuma pistoni, na ufito hutoka. Maelezo hayo ni rahisi, lakini si sahihi. Kile kitundu kilichomo kwenye pistoni huiruhusu gesi kupita. Kwa hivyo gesi iliyo nyuma ya pistoni na ile iliyo mbele yake ni gesi moja, nayo husukuma pande zote mbili kwa kiwango kile kile. Ikiwa ni hivyo, kwa nini ufito usitulie? Nani anausukuma nje?

Jibu limo katika neno ambalo wanaistilahi wa Kiswahili waliliunda: kanieneo. Mwanafunzi wa mofolojia huliona mara moja kuwa ni neno ambatano, kani na eneo. Kanieneo ni kani kwa kila kipimo cha eneo. Neno hili halilitaji jambo tu. Linatoa kanuni yake. Kanieneo ikiwa moja, kani itategemea ukubwa wa eneo inalolisukuma. Eneo likiwa kubwa, kani huwa kubwa. Eneo likipungua, kani hupungua. Ni vigumu kupata istilahi iliyoundwa kwa busara zaidi, na ajabu ni kwamba katika matumizi ya kawaida bado hushindana na maneno kama shinikizo na mgandamizo, ambayo hayamwambii msikilizaji lolote kuhusu eneo.

Sasa pistoni na iangaliwe tena. Upande wake wa nyuma uko wazi wote, na gesi huusukuma wote. Upande wa mbele haupo wazi wote, kwa sababu katikati yake umeshikana na ufito, na mahali palipo na ufito gesi haina pa kugusa. Kwa hivyo eneo la mbele ni dogo kuliko la nyuma, na tofauti yake ni unene wa ufito basi. Kanieneo ni moja, maeneo ni mawili, kani ni mbili. Ile ya nyuma hushinda, na ufito husukumwa nje.

Mfano wa hesabu utalifafanua jambo hili. Chukua pistoni yenye kipenyo cha milimita 20 na ufito wenye kipenyo cha milimita 8. Eneo la pistoni ni takriban milimita mraba 314, na la ufito ni takriban 50. Gesi na ijazwe hadi takriban mara 100 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka, yaani nyutoni 10 kwa kila milimita mraba. Upande wa nyuma utasukumwa kwa nyutoni 3,140. Upande wa mbele, wenye milimita mraba 264, utasukumwa kwa nyutoni 2,640. Tofauti ni nyutoni 500, ambazo hupita kidogo uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ufito mwembamba kuliko kidole unaweza kuushikilia mfuko wa saruji, na hakuna waya uliozongwa wala utepe uliokunjwa ndani yake.

Tukio la kushangaza zaidi ni kwamba nyutoni 500 hizo hazikuihitaji pistoni hata kidogo. Milimita mraba 50 za ufito zikizidishwa kwa 10 hutoa jibu lile lile. Pistoni ingeondolewa kabisa, ufito ungeendelea kusukumwa kwa kani ile ile, ila ungeruka nje kama risasi. Kazi ya pistoni ni kuuzuia ufito usichomoke na kuutawala mwendo wake, kwa kuwa gesi hulazimika kupita taratibu katika kile kitundu. Ndiyo sababu mlango wa gari hupanda kwa utulivu badala ya kurushwa. Mwishoni mwa safari pistoni huingia katika yale mafuta, ambayo hupita kitunduni kwa shida kuliko gesi, na mwendo hupungua zaidi. Kwa ajili hiyo springi hufungwa ufito ukielekea chini pale kifaa kinapokuwa kimefungwa: mafuta hukusanyika upande wa mpira, yakaulainisha na kuuziba vizuri zaidi. Springi iliyofungwa kichwa chini miguu juu hufanya kazi, lakini mpira wake hukauka na umri wake hufupika.

Kwa nini nitrojeni, na si hewa ya kawaida? Hewa ni nitrojeni kwa takriban asilimia 78, kwa hivyo tofauti huonekana ndogo. Tatizo ni oksijeni na unyevu vilivyomo katika sehemu iliyosalia. Unyevu huleta kutu. Oksijeni iliyoshindiliwa mahali penye mafuta inaweza kuwaka, na hilo si jambo la kulitafuta ndani ya chuma kilichozibwa. Nitrojeni kavu haiwaki na haishambulii chuma, tena ni rahisi kupatikana.

Safari, halijoto na umri

Springi ya chuma ya kawaida huanza na kani ndogo na kuiongeza kadiri inavyokandamizwa. Ikikandamizwa maradufu, kani nayo huwa maradufu. Springi ya gesi haianzi sifuri. Tangu milimita ya kwanza hudai nyutoni zake 500. Ufito unapoingia, huchukua nafasi iliyokuwa ya gesi, nayo gesi hubanwa zaidi. Robert Boyle alikwisha kuichapisha kanuni hiyo mwaka wa 1662: ujazo wa gesi ukipungua, halijoto isipobadilika, kanieneo huongezeka kwa uwiano ule ule. Ufito wa mfano wetu ukiingia milimita 200 huchukua sentimita za ujazo 10. Ikiwa gesi ilikuwa na sentimita za ujazo 60, sasa imebaki na 50, na kani imepanda kutoka nyutoni 500 hadi 600. Ongezeko hilo la thuluthi moja au chini yake ndilo linalowapendeza wahandisi. Kani hukaribia kuwa sawa safari nzima, na aliyeufungua mlango hahisi kushindana na kitu.

Uhodari wa mlango wenyewe uko pia mahali springi ilipofungwa. Mlango uliofungwa hushikiliwa chini na uzito wake, kwa kuwa springi imelala karibu na bawaba na nguvu zake za kugeuza ni ndogo. Mtu akiuinua kidogo, pembe hubadilika, springi hupata nafuu ya kusukuma, na kutoka hapo mlango hupanda wenyewe. Chukua mlango wa kilo 20 ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Ikiwa springi mbili zitausukuma kwa umbali wa sentimita 12 kutoka kwenye bawaba hiyo hiyo, kila moja itahitaji takriban nyutoni 330 ili kuulinganisha tu, na ziada kidogo ili kuuinua. Umbali huo ukipunguzwa hadi sentimita 6, kani inayohitajika huwa maradufu. Fundi anayebadilisha springi kwa kuangalia urefu peke yake, bila kuisoma namba ya nyutoni iliyoandikwa ubavuni, huenda akaupindua mlango au akaung'oa kwenye bawaba zake.

Halijoto nayo ina usemi. Gesi iliyofungiwa hubadilisha kanieneo yake kwa takriban asilimia 3.4 kwa kila digrii 10 za Selsiasi. Watengenezaji huinakili kani kwa kipimo cha digrii 20. Asubuhi ya Julai huko Limuru, ambako halijoto inaweza kushuka hadi digrii 10, springi hupoteza asilimia 3.4, adhuhuri ya Mombasa yenye digrii 32 huiongezea asilimia 4. Tofauti ya jumla ni kati ya asilimia 7 na 8. Kwa springi mpya tofauti hiyo haionekani. Kwa springi iliyokwisha kuvuja kidogo ndiyo inayoamua kama mlango utasimama au utashuka, na hapo hupatikana sababu ya gari moja kuwa zima pwani na bovu nyanda za juu.

Kuvuja ndiko kifo cha kawaida cha kifaa hiki. Mpira huchakaa, ufito hukwaruzwa na mchanga, au mtu hupaka rangi mahali pasipostahili. Ufito mmoja wenye mkwaruzo usioonekana vizuri kwa macho unaweza kuumaliza mpira kwa muda mfupi, na hakuna dawa ya mitaani ya kuutibu.

Matumizi viwandani

Wazo la kuitumia gesi kama springi lilitangulia magari. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 wa mwaka wa 1897 ulitumia mafuta na hewa iliyoshindiliwa ili kuupokea mrudio wa mtutu na kuusukuma tena mahali pake bila gurudumu kuhama. Gari la Citroën DS, lililozinduliwa Paris mwaka wa 1955, lilibebwa na matufe yenye nitrojeni badala ya springi za chuma. Kampuni ya Stabilus ya Koblenz, Ujerumani, iliyoasisiwa mwaka wa 1934, ni miongoni mwa zilizokifanya kifaa hiki kuwa bidhaa ya kawaida kuanzia miaka ya 1960. Miguu ya ndege zinazotua Jomo Kenyatta na Moi ni jamaa wa karibu: mafuta na nitrojeni ndani ya silinda moja, gesi ikiubeba uzito na mafuta yakiumeza mshindo wa kutua.

Lakini kazi ngumu zaidi ya springi ya gesi haionekani na msafiri wala mwenye gari. Hufanyika ndani ya mitambo ya kufinyanga bati. Mlango wa gari huanza kama bati bapa. Bati hilo huwekwa kati ya kalibu mbili, moja ya kiume na nyingine ya kike, na mtambo huzikutanisha kwa nguvu hadi bati likachukua umbo. Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba nguvu ndiyo shida. Sivyo. Shida ni kingo. Bati linapovutwa kuingia ndani ya kalibu, kingo zake hutaka kukunjamana kama kitambaa kinachosukumwa kwenye kikombe. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, wanaofinyanga vyombo kwa nyundo na mikono, wanaifahamu vyema tabia hiyo ya bati. Kiwandani huzuiwa kwa pete ya chuma inayozibana kingo wakati katikati inavutwa. Pete ikilegea, bati hukunjamana. Ikikaza kupita kiasi, bati haliteremki na hupasuka. Panahitajika mbano wa kadiri, tena ulio sawa pande zote na usiobadilika sana tangu mwanzo hadi mwisho wa safari.

Hapo ndipo ile sifa ya springi ya gesi ya kutoanza sifuri inapokuwa dhahabu. Springi ya chuma hulegea mwanzoni, wakati bati linapohitaji kushikwa, na hukaza mno mwishoni, wakati bati linapokaribia kupasuka. Springi ya nitrojeni hushika tangu mguso wa kwanza. Zile za kalibu ni fupi na nene: ufito wa kipenyo cha milimita 36, ukisukumwa na gesi ya mara 150 ya kanieneo ya hewa, hutoa zaidi ya nyutoni 15,000, yaani tani moja na nusu kutoka katika chombo kinachoshikika mkononi. Kumi zikipangwa chini ya pete hutoa tani 15. Kampuni ya Strömsholmen ya Tranås, Uswidi, inajulikana sana kwa kuzitengeneza, na kuna kiwango cha kimataifa, ISO 11901, kinachozihusu.

Kazi hii ina adha zake. Springi inayokandamizwa mara nyingi kila dakika hupata moto, moto huipandisha kanieneo na kuuchosha mpira, kwa hivyo kila springi ina kikomo cha kasi. Aidha, moja ikivuja bila kugunduliwa, pete huinama upande mmoja na vipande vibovu huanza kutoka. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huziunganisha springi zote kwa mipira ya gesi hadi kwenye kibao kimoja chenye kipimo. Kanieneo huwa moja kwa zote, na ikishuka, mhudumu huiona kabla ya bati kumwambia. Nchini Kenya magari huunganishwa Thika na Mombasa, ila kwa kawaida vipande vyake huwa vimekwisha kufinyangwa ng'ambo; ndiyo maana upande huu wa springi ya gesi haujulikani sana nchini.

Matumizi mengine yanaweza kutajwa kwa haraka. Mashine za kuchonga chuma zenye kichwa kizito kinachopanda na kushuka hukisawazisha kwa silinda za nitrojeni, ili mota ifanye kazi ya kukiongoza tu badala ya kukibeba. Baadhi ya roboti kubwa za viwandani husaidiwa mkono kwa njia hiyo hiyo. Vifuniko vya mitambo, vinavyofunguliwa kila siku kwa usafi na ukarabati, huinuliwa na springi za aina ile ile ya mlango wa gari.

Aina inayofungika inastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyo chini ya mhadhiri. Kile kitundu cha pistoni hapa kina vali. Vali ikifunguliwa kwa mpini ulio chini ya kiti, gesi hupita na kiti hupanda au, mtu akikikalia, hushuka. Mpini ukiachwa, vali hufunga, gesi hugawanyika pande mbili zisizowasiliana, na kiti hubaki kilipo kikiwa na unesonesi kidogo, kwa sababu gesi hukandamizika. Katika vitanda vya hospitali unesonesi huo hautakikani. Mgonjwa aliyeinuliwa mgongo hapaswi kuyumba. Hivyo pande mbili za pistoni hujazwa mafuta, gesi ikawekwa chumba chake pembeni. Mafuta hayakandamiziki, na vali ikifungwa kitanda husimama kama jiwe. Kwa viti vya ofisi kuna kiwango cha Kijerumani, DIN 4550, kinachozipanga silinda katika madaraja manne, na unene wa ukuta wa chuma ni miongoni mwa vigezo. Mnunuzi wa viti vya chuo angefanya vyema kuliuliza daraja kabla ya kuiuliza rangi.

Silinda isiyo tupu

Kituo cha mafuta huyajaza magurudumu ya gari dogo hadi kipimo cha 30 hivi. Springi ya gesi ya mfano uliotolewa hapo juu ingesoma karibu 1,450 kwenye kipimo hicho hicho. Haina mahali pa kupulizia wala pa kufungulia, na hakuna dalili ya nje inayoonyesha kama imejaa. Ile iliyochoka ikashindwa kuuinua mlango bado inaweza kuwa na nusu ya gesi yake au zaidi. Huitwa mbovu, hutupwa penye vyuma chakavu, na hufika mikononi mwa mtu mwenye msumeno wa umeme anayeutaka ufito wake, kwa kuwa ni chuma kizuri. Akiikata, silinda au ufito unaweza kuruka kwa kishindo. Fundi anayechomelea bawaba huku springi ikiwa imefungwa karibu huipasha moto, na joto huipandisha kanieneo huku likiuyeyusha mpira ulioizuia. Kuitupa motoni ni kubaya zaidi. Watengenezaji wana utaratibu wao wa kuitoa gesi kabla ya chuma kutumiwa tena, nao ni wa mtu aliyefunzwa, aliyejikinga macho, na aliye na vifaa vya kuibana silinda isiondoke.

Onyo kwa kawaida huwa limechapishwa ubavuni mwa silinda, kwa Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine za Ulaya. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya 2010, lakini silinda hizi hufika nchini bila neno lake hata moja. Anayeombwa kuitafsiri karatasi hiyo huenda akaridhika na "Usifungue". Kitenzi hicho hakitoshi. Fundi hataifungua, maana haina kifuniko. Ataikata, ataitoboa au ataichoma, na moyoni ataona hajakaidi. Kwa kuwa silinda ni nyembamba na nafasi ya maandishi ni ndogo, maneno haya yangeenea: "Ina gesi yenye nguvu hata ikiharibika. Usikate. Usitoboe. Usichomelee karibu. Usitupe motoni."